Ofisi ilipohamia chumbani, nani alilipa bili?

UZI. Huu ni mrefu, kwa hivyo kama uko kwa mathree na chaji imebaki asilimia nane, hifadhi usome ukifika. Sheria ni ile ile ya kila wiki: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunashika hoja tu.

Kila mara mjadala wa ushuru wa nyumba ukiwaka, kuna mtu hutokea na sentensi hii: "Wakati wa korona watu wa ofisi walikaa nyumbani, wakaokoa nauli na pesa ya lunchi. Hao hawakuumia." Nimeisikia kwa redio, kwa base, hata darasani. Inasikika kama hesabu. Lakini aliyefanya hiyo hesabu ni nani?

Mimi ninayo moja. Mamangu ana daftari la Kasuku ambalo huandika kila shilingi inayotoka nyumbani, na likijaa ananunua lingine. Nasoma sayansi ya siasa, nimepitia ripoti za kila aina kuhusu uchumi wa janga, na bado sijaona ripoti inayonieleza mambo vizuri kama kurasa za 2020 za hilo daftari. Nimeomba ruhusa kuzitumia. Alikubali kwa sharti kwamba nisitaje anakofanya kazi.

Kwanza tarehe, kwa sababu watu wameshaanza kuzichanganya. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Machi 15 shule zikaagizwa zifungwe, na waajiri wakaombwa wawaruhusu wafanyakazi wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa walio katika huduma muhimu. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi na viunga vyake vikafungwa, hutoki huingii, hadi Julai 7. Kafyu yenyewe tuliishi nayo hadi Oktoba 20, 2021. Mwaka mmoja na nusu na ushee. Kuna watoto walijifunza kutembea wakati wa kafyu.

Mamangu alikuwa anapokea simu za wateja katika kampuni moja ya bima katikati ya mji. Tulikuwa tunakaa Umoja: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko la kuingia ukiwa mmoja. Kodi 14,000. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, nikarudi na sanduku langu Jumanne ile watu walikuwa wanapigania sanitaiza kwa supamaketi. Siku mbili baadaye akaja dereva wa teksi na mfuko: laptopu, vifaa vya kuskizia simu, na karatasi ya kutia sahihi kwamba vikiharibika utalipa. Ndani ya mfuko hakukuwa na meza wala kiti, na umeme ulikuwa juu yako.

Sasa hesabu. Kwa mwezi mmoja wa kawaida kabla ya janga, nauli ya Umoja kwenda mjini na kurudi ilimla kama 3,100. Chakula cha mchana kwa kibanda nyuma ya ofisi, 3,300. Jumla 6,400. Hiyo ndiyo pesa ambayo yule mtu wa redio anasema "iliokolewa", na ni kweli, kurasa za Aprili na Mei 2020 hazina nauli kabisa.

Lakini Aprili hiyo hiyo kampuni ikaondoa marupurupu ya usafiri, 4,000. Sababu ilikuwa fupi: husafiri tena. Sawa. Imebaki 2,400. Kisha waifai. Kabla ya hapo alikuwa anatumia data ya 600 kwa mwezi na inamtosha. Kazi ya simu haiwezi kuendeshwa hivyo, ikabidi laini ya waifai ya 2,500. Hapo 1,900 zaidi. Tokeni za stima zikapanda kwa 1,300, maana laptopu na taa ya chumbani zilishinda zikiwaka mchana kutwa na chumba hakina dirisha la maana. Gesi ikawa inaisha mapema, kama 700 zaidi ukigawa kwa mwezi. Jumla 3,900.

Toa mwenyewe. Mamangu alikuwa chini kwa 1,500 kila mwezi kwa kufanyia kazi nyumbani, kabla sijagusa chakula. Chakula kilipanda sana, lakini hilo sitalihesabu, kwa sababu lilitokana na mimi na dadangu kufungiwa nyumbani na shule, na mimi wakati huo nilikuwa nakula kama watu watatu. Sitaki kupika hesabu ili nishinde mjadala.

Wako waliookoa kweli, nisikatae. Rafiki ya mama aliyekuwa anaendesha gari kutoka Syokimau kila siku alianza kuweka akiba kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu hakuwa akinunua mafuta wala kulipia maegesho, na tayari alikuwa na chumba cha ziada na waifai. Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Akiba ilimwendea mwenye nafasi. Asiye na nafasi aliikodisha ofisi chumba chake bure, na bado akailipia stima.

Chumba chetu cha kulala kikawa ofisi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Meza ilikuwa ubao wa kupigia pasi. Kwenye ploti, mchana kuna maisha yake: jirani na woofa, muuza maji, watoto wote wa shule wakiwa nje, mtu wa vyuma kuukuu na kipaza sauti chake. Mteja akiwa upande wa pili anaeleza ajali yake, anasikia "nanunua betri mzee, nanunua friji mbovu". Msimamizi akawa anasikiliza simu zilizorekodiwa na kutuma barua pepe kuhusu "mazingira ya kazi yasiyo ya kitaaluma". Mama alisoma hiyo barua kwa sauti jioni moja, akacheka, halafu akanyamaza. Kuanzia kesho yake mimi na dadangu tulikuwa tunashinda kwa ngazi za ploti hadi saa kumi na moja.

Kuna mwingine ambaye hayumo kwenye hesabu za akiba: mama aliyekuwa anakuja Jumamosi kutufulia, 500 kwa siku. Aprili, mstari wake kwenye daftari umekatwa kwa kalamu nyekundu. Yule wa kibanda nyuma ya ofisi naye, 3,300 za mamangu zilipokosekana, na za wenzake wote wa ghorofa ile, alirudi ushago kabla mji haujafungwa. "Akiba" ya mtu wa ofisi ilikuwa mshahara wa mtu.

Sasa turudi nyuma, maana swali la nani analipia paa la mfanyakazi lina umri sawa na Nairobi yenyewe.

Reli ilifika hapa 1899. Mji uliozaliwa ulimtaka Mwafrika kama mikono, haukumtaka kama mkaazi. Aje, afanye kazi, arudi kwao. Kuanzia 1919 na 1920 kipande kilimfuata kila anakoenda. Mke na watoto walibaki nyumbani, na shamba ndilo lililokuwa likijazia mshahara ambao haukutosha. Reli iliwajengea watu wake Muthurwa. Miaka ya 1920 Pumwani ikatengwa kuwa mahali Waafrika wangeweza kujijengea nyumba, na wengi wa waliojenga na kupangisha vyumba walikuwa wanawake. (Ukisikia mtu anasema umama landilodi ni jambo la juzi, mpeleke Pumwani.) Kwingineko ilikuwa ni kugawana vitanda kwa vyumba vilivyopimwa kwa mwanamume asiye na familia.

Sheria ya kikoloni ilikuwa tayari inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala au pesa za kulipia. Kwa karatasi. Mwaka wa 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa hiyo hiyo: wengine wanapewa nyumba au pesa ya nyumba, wengine hawapewi chochote, na kodi za mji zinapanda. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta serikali yenyewe haiwatimizii watu wake. Januari 1947 Mombasa ikasimama tena, mara hii mji karibu mzima. Watu hukumbuka mgomo huo kwa mishahara, lakini kodi ya chumba ilikuwa ndani ya kila hesabu ya mshahara.

Mwaka wa 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, inayojulikana kama kamati ya Carpenter, ikapendekeza jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: mshahara uhesabiwe kwa familia, usihesabiwe kwa mwanamume mmoja aliyeacha familia kijijini. Haikuwa huruma. Migomo ilikuwa imewafundisha kwamba mfanyakazi anayelala vibaya na kuhamahama anagharimu zaidi.

Mabaki ya hayo yote yako kwa payslipu yako. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa mahali pa kazi au karibu na hapo, au amlipe kiasi cha kutosha kodi, isipokuwa kama mshahara umeunganishwa na tayari una sehemu ya nyumba ndani yake. Kwa wanaolipwa chini ya agizo la jumla la mishahara, marupurupu ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ndiyo maana Mkenya akipata kazi anauliza "na house allowance?" kabla hajauliza bosi ni nani.

Soma tena: makao mahali pa kazi au karibu na hapo. Mwaka wa 2020 mamangu alikuwa karibu na kazi kuliko mfanyakazi yeyote tangu reli ifike. Kazi ilikuwa futi tatu kutoka kwa mto wake.

Kwa hivyo sheria yetu imejua kwa muda mrefu kwamba nyumba ya mfanyakazi ni sehemu ya gharama ya kazi. Ila imeijua kama mahali pa kulala tu. Nyumba ilipogeuka ofisi, hakukuwa na kifungu cha nani analipa tokeni. Baadaye Seneti ililetewa mswada wa haki ya mfanyakazi kutosumbuliwa baada ya saa za kazi, jambo zuri, lakini huo ulikuwa wa muda wa mtu. Stima na nafasi havikuguswa.

Serikali ilifanya nini basi? Haki yake apewe. Aprili 2020 ushuru wa mapato ulipunguzwa, kiwango cha juu kutoka asilimia 30 hadi 25, na waliopata hadi 24,000 kwa mwezi wakaachiwa kabisa. VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Ada za kutuma pesa kidogo kwa simu zikaondolewa. Kwa daftari la mama, Mei 2020 kuna mstari umeandikwa "PAYE afadhali" na alama ya mshangao. Januari 1, 2021 VAT ikarudi 16 na kiwango cha juu cha ushuru wa mapato kikarudi 30. Julai 2021 gesi ya kupikia ikawekewa VAT ya asilimia 16, wakati ambapo watu walikuwa bado wanapika nyumbani mara tatu kwa siku. Hiyo nayo ina alama yake ya mshangao.

Kwa kodi ya nyumba, kimya. Utafiti wa KNBS wa Mei 2020 ulionyesha kwamba karibu asilimia 30 ya kaya hazikuweza kulipa kodi kwa tarehe iliyokubaliwa. Bunge halikupitisha sheria yoyote ya kuwapunguzia wapangaji kodi. Mambo yaliachiwa mpangaji na mwenye nyumba wamalizane. Mwezi huo huo, Kariobangi North, maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao, wakati taifa zima linaambiwa likae nyumbani. Sina la kuongeza hapo.

Mtu atasema, "lakini si tuna sheria ya kudhibiti kodi?" Tunayo, ya tangu 1959. Inalinda nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Hicho kiwango ni cha miaka ya themanini. Nionyeshe keja ya 2,500 Nairobi leo na mimi nihamie kesho. Mwaka wa 2021 mswada mpya wa wenye nyumba na wapangaji ulifika bungeni ukaishia njiani.

Na sisemi wenye nyumba ni mashetani. Wetu wa Umoja alikuwa mwalimu mstaafu, ploti imejengwa kwa mkopo, na benki haikuwa imemsamehe. Mama alipomwendea kuomba apunguziwe, alimtolea chai na kumwonyesha barua ya benki. Walihurumiana, na kodi ikabaki 14,000.

Hapo ndipo wengi walipofanya uamuzi ambao tulifanya sisi. Kama kazi iko kwa laptopu, kwa nini nilipie ukaribu na mji? Watu wakatoka Kilimani wakaenda Ruaka, wakatoka Umoja wakaenda Juja, Rongai, Kitengela. Septemba 2020 tulihamia Kitengela: vyumba viwili vya kulala, 15,000, utulivu wa kutosha hadi unasikia punda. Canter ilitugharimu 6,000. Depositi na kodi ya kwanza, 30,000, zilitoka kwa chama. Depositi ya Umoja haikurudi; ilienda kwa "rangi". Lakini kwa mara ya kwanza mama alikuwa na chumba chenye mlango, na dadangu akawa anaruhusiwa kucheka mchana.

Lile daftari linaonyesha kuwa miezi hiyo kumi na sita, Septemba 2020 hadi Desemba 2021, ndiyo pekee ambayo kazi ya nyumbani ilitufaa. Ilihitaji chumba cha ziada ndipo ifae.

Januari 2022 kampuni ikatuma barua: wote ofisini, siku tano. Nauli ya Kitengela wakati huo, asubuhi 150, jioni 200. Mara 22, ni 7,700 kwa mwezi. Alipouliza marupurupu ya usafiri aliambiwa mishahara ilishaunganishwa, hayo marupurupu hayapo tena. Aliyatafuta kwa mkataba mpya aliotia sahihi 2021 na kweli hayapo. Alikuwa ametia sahihi akiwa kwa ule ubao wa pasi, kati ya simu mbili.

Hatungeweza kurudi Umoja; hiyo ingetaka depositi nyingine na Canter nyingine. Akaanza kutoka saa kumi na robo usiku. Mwaka wa 2022 mimi ndiye nilimsindikiza stegi kabla sijajiunga na chuo, na tochi ya simu.

Turudi kwa siasa ya leo. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, ulianza 2023, ukapingwa kortini, ukarudishwa na sheria mpya Machi 2024. Mjadala umekuwa kama ukatwe au usikatwe. Ninauliza kitu kidogo zaidi: nyumba zinazojengwa zinamfikiria mfanyakazi gani? Nyumba nafuu ya vyumba viwili vya kulala imepangwa kuwa mita 40 za mraba. Familia ya watu wanne, mmoja wao akiwa na kazi ya mtandaoni, ambayo vijana tunahimizwa kila siku tuikimbilie, ataweka wapi meza? Kwa maneno mengine, tunajenga tena mahali pa kulala.

Halafu kuna hili ambalo huwa silisikii kwa mdahalo wowote. Mwenye mkopo wa nyumba anaweza kupunguziwa ushuru kwa riba anayolipa. Kwa miaka kadhaa kiwango kilikuwa 300,000 kwa mwaka, sasa ni 360,000. Mwaka wa 2020 mikopo hiyo nchi nzima haikufika 30,000. Sensa ya 2019 nayo inasema mijini karibu kaya nne kati ya tano zinapanga. Mpangaji wa mshahara hana mahali pa kuandika kodi yake wala tokeni za kazi kwenye fomu ya ushuru. Ukitaka kujua serikali zetu, zote, zinamfikiria nani zikisema "nyumba", angalia fomu hiyo.

Kwa wale watakaouliza: mama bado yuko kazini. Tangu mwaka jana wanaruhusiwa siku mbili kwa wiki nyumbani. Bado tuko Kitengela. Mwezi uliopita nauli ilikuwa chini, tokeni juu, na chini ya ukurasa ameandika "karibu sawa".

Kama ulifanyia kazi nyumbani 2020, toa hesabu yako: nauli uliyookoa, tokeni ulizoongeza, na mwajiri aliondoa nini. Msitaje kampuni. Nitakusanya za kwenu niziweke kwa uzi wa wiki ijayo, pamoja na swali ambalo sijapata jibu lake: kwa nini wafanyakazi wa Mombasa mwaka wa 1939 waligomea chumba, na sisi tukatia sahihi?